Gereji ya Wasomaji: Gasketi gani ya hedi kwa injini ya zamani?

Barua za safari hii nyingi ni za watu wanaofunga upya injini za magari ya zamani. Wamefika dukani, wamewekewa juu ya kaunta gasketi tatu nne za hedi, zile zinazoziba kati ya bloku na hedi, bei zinapishana na muuzaji anazisifia zote. Ombi letu moja kabla ya majibu: usinunue gasketi wakati bloku na hedi bado ziko kwa fundi mashine. Gasketi inachaguliwa na kipenyo cha silinda, kiasi kilichoondolewa kwenye hedi na hali ya uso wa bloku, na hayo huyajui mpaka kazi ya mashine iishe.

Habari za kazi. Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya 2.25. Nimefungua injini yote, krenki imesagwa, silinda zimechongwa hadi +0.020, hedi imepigwa skimu (uso wake umesawazishwa kwa mashine). Dukani kuna gasketi ya shaba na nyingine nyeusi ya kompoziti. Jamaa mmoja ananishawishi niagize ya chuma tupu ya tabaka nyingi, eti haiungui kamwe. Nichukue ipi? — Msomaji, Arusha

Chukua nyeusi, ile ya kompoziti, yenye nyama laini na pete za chuma kuzunguka silinda. Injini yako ina bloku ya chuma na hedi ya chuma, hivyo vyote viwili vinatanuka kwa kiasi kilekile. Kompresheni yake nayo ni ndogo, 7 au 8 kwa 1 kutegemea toleo. Haina sababu ya kudai gasketi ya tabaka nyingi.

Hiyo ya chuma ni nzuri sana kwenye injini iliyoandaliwa kwa ajili yake, na hapo ndipo watu wanapoanguka. Haina nyama laini ya kujaza mikwaruzo. Inataka uso wenye ukwaru usiozidi kama mikroni 1.3, na watengenezaji wengine wanataka laini zaidi ya hapo. Kompoziti inaridhika na mikroni 1.5 hadi 2.5, na uso uliong'aa kama kioo hauipendi, kwa sababu unaikosesha mahali pa kushika. Barua yako inasema hedi imepigwa skimu lakini haisemi lolote kuhusu bloku. Ukiweka gasketi ya tabaka nyingi kati ya hedi laini na bloku ya miaka 50 iliyokwanguliwa kwa bisu, maji yatapita upande wa bloku na lawama itaangukia gasketi.

Kwa hiyo pima bloku leo. Weka rula ya chuma iliyonyooka kweli kwa urefu, upande wa kushoto, katikati na kulia, halafu kona kwa kona mara mbili. Fila (bapa jembamba la kupimia mwanya) ya 0.05 mm isipite kati ya silinda mbili zilizo jirani. Kwa urefu wote wa bloku, 0.10 mm inavumilika kwa chuma kwa chuma na kompoziti. Zaidi ya hapo, bloku iende mashineni. Angalia pia matundu ya maji: kutu hula kingo zake na kuacha mashimo. Pitisha ukucha kutoka tundu la maji kuelekea silinda. Shimo lililo karibu na tundu, mbali na pete ya moto (ile ya chuma inayozunguka silinda), si tatizo. Likiwa limefika pale pete inapokalia, hakuna gasketi itakayolifunika.

Sasa unene. +0.020 ni inchi, yaani silinda imetoka 90.47 mm ikafika karibu 90.98 mm. Tundu la gasketi lazima lizidi hapo pande zote, kwa hiyo ipime kwa kalipa dukani kabla ya kulipa. Unene ukishakandamizwa nao una kazi yake. Kila silinda ya 2.25 ina ujazo wa cc 571.5. Ukiwa na kompresheni ya 8 kwa 1, nafasi ya kuwakia ni cc 81.6. Gasketi yenye tundu la 92 mm ikizidi ya awali kwa nusu milimita tu, inaongeza cc 3.3, na kompresheni inashuka hadi karibu 7.7. Gari litawaka na litaenda, ila mlimani utalisikia. Ukiwa umebakiza gasketi ya zamani, pima kwa maikromita unene wake pembeni mwa pete ya moto, kisha muulize muuzaji unene wa mpya *baada ya kukazwa*, si ndani ya pakiti. Akikosa jibu, nenda duka lingine.

Bolti kubwa za hedi hiyo ni za nusu inchi, na kipimo chake ni pauni-futi 65, yaani Nm 88. Panda kwa hatua: Nm 30, kisha 60, kisha 88, ukianzia katikati na kuzunguka kwenda nje. Zile ndogo zinazoshika shafti ya roka usizipe 88 hata kwa bahati mbaya, zitakatika. Kabla ya hayo, safisha nyuzi za bloku kwa tapu na upulize mashimo kwa hewa. Shimo lenye oili au maji chini linaweza kupasua bloku bolti inaposhuka, na hata lisipopasua, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) italia mapema huku hedi bado haijakaa.

Datsun 160J yangu ina injini ya L16. Pistoni za kawaida zilikosekana, fundi akachonga silinda hadi 84 mm. Duka linasema gasketi ya kawaida inatosha kwa sababu "zote ni L". Ni kweli? Hedi imeondolewa nusu milimita. — Msomaji, Nairobi

Nusu ni kweli. L16 ilitoka kiwandani na silinda ya 83 mm, sawa na ile ya L24 ya Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Ndiyo maana maduka huzungumza kana kwamba kila L ni ile ile. Lakini swali lako si jina la injini, ni tundu la gasketi uliyoshika mkononi. Ipime. Kwa silinda ya 84 tunataka tundu la 85 au zaidi. Pete ya moto ikichungulia ndani ya silinda, hata kwa nusu milimita, haina maji wala chuma cha kuipoza. Inawaka nyekundu, inawasha mchanganyiko kabla ya plagi, unasikia kugonga, unadhani ni taimingi au petroli, na mwisho pistoni inatoboka. Weka gasketi juu ya bloku kavu, bila hedi, ukiipanga kwa pini zake, uangalie kila silinda kwa tochi. Kazi ya dakika mbili.

Hiyo nusu milimita iliyoondolewa kwenye hedi ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. L ina kamshafti juu, inayozungushwa na cheni. Hedi ikishuka, kamshafti inasogea karibu na krenki, cheni inalegea upande wa tensha (kile kinachoikaza cheni), na kamshafti inachelewa. Gia ya kamshafti ina matundu matatu yaliyoandikwa 1, 2 na 3 kwa ajili hiyo hasa. Ikiwa alama za taimingi hazikutani ukitumia tundu 1, hamia 2. Wengine hununua gasketi nene ili kurudisha urefu. Njia hiyo inafanya kazi kwa cheni na kwa kompresheni, mradi unene unalingana na kilichoondolewa. Tukiwa sisi, tungeweka gasketi ya unene wa kawaida na kusahihisha kwenye gia, isipokuwa kompresheni imepanda kupita uwezo wa petroli unayotumia.

Mambo mawili ya L ambayo watu huyasahau. Ukitoa hedi bila kutoa kava ya mbele, bana cheni kwa kabari ya mbao kwanza. Usipobana, tensha itaruka nje na utalazimika kufungua mbele yote. Na bloku ikienda kusawazishwa, iende na kava ya mbele ikiwa imefungwa, maana gasketi ya hedi hukalia na kava pia. Bloku iliyoshushwa peke yake inaacha kava imesimama juu kidogo. Hapo hedi inakaa juu ya ngazi na oili inavuja mbele maisha yote.

Shikamoo mafundi. Peugeot 504 pikapu, injini ya petroli ya 1971 cc. Imefanyiwa ovahoo, pistoni na silivu mpya. Baada ya wiki mbili oili ikawa kama chai ya maziwa. Tumebadilisha gasketi ya hedi mara mbili, ya pili ya bei kubwa, hali ni ile ile. Kuna gasketi bora zaidi? — Msomaji, Tanga

Marahaba. Acha kununua gasketi za hedi kwanza. Tunashuku kosa liko chini, miguuni mwa silivu.

Injini yako, 88 mm kwa 81 mm, ina silivu, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazoogelea ndani ya maji. Kila silivu inakalia ukingo chini ya bloku, na hapo kuna gasketi nyembamba inayozuia maji yasiingie sampu (bakuli la oili). Juu, silivu inatakiwa ichomoze kidogo sana kuliko uso wa bloku, sehemu chache tu za mia za milimita. Hedi ikikazwa, inaikandamiza silivu, silivu inaikandamiza gasketi ya chini, na pete ya moto ya gasketi ya hedi inabanwa. Vyote vinategemea huko kuchomoza. Silivu ikizama chini ya bloku, hedi inashika bloku na kuiacha silivu ikielea. Hapo maji yanashuka na moto unapita, hata gasketi iwe ya dhahabu.

Kwanza thibitisha. Mwaga oili, toa sampu, jaza maji kwenye rejeta, ufunge pampu ya kupimia mahali pa mfuniko na upandishe hadi baa 1. Lala chini na tochi. Maji yakitiririka kwa nje ya silivu, pale inapoingia kwenye bloku, ni gasketi ya chini. Yakitoka ndani ya silinda, yakipita kando ya pistoni, ndipo uirudie hedi. Kama hayatoki kabisa, acha shinikizo likae nusu saa, kwani uvujaji mwingine ni wa tone moja moja.

Ikiwa ni silivu, injini inafunguliwa upya. Kwangua kabisa ukingo wa chini ndani ya bloku, kwa mkono, mpaka chuma kionekane. Chembe moja ya kutu iliyobaki pale inainua silivu upande mmoja. Rudisha silivu zikiwa kavu, bila gasketi, na upime kila moja kwa dayo geji katika sehemu nne. Kutokana na hapo unachagua unene wa gasketi za chini ili kila silivu ichomoze kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Tofauti kati ya silivu na jirani yake isizidi 0.05 mm. Gasketi za chini huuzwa kwa unene tofauti, na seti ya bei rahisi mara nyingi huja na unene mmoja tu. Huenda ndilo lililowakuta.

Kosa jingine linalofanana na lenu: gasketi ya hedi ilibadilishwa, halafu mtu akazungusha krenki wakati hedi imetolewa. Pistoni inanyanyua silivu, gasketi ya chini inapoteza kiti chake, na hakuna anayeiona. Hedi ikitoka tu, bana silivu kwa bolti zenye washa nene na vipande vya bomba. Na hedi yenyewe usiing'oe kwa kuinyanyua moja kwa moja, maana imegandana na silivu. Tumbukiza vyuma viwili vya mviringo kwenye matundu ya bolti, mmoja kila mwisho, uiyumbishe ubavuni mpaka iachie.

Kuhusu aina ya gasketi ya hedi: 504 ina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini inatanuka takriban mara mbili ya chuma. Hedi ya urefu wa karibu nusu mita, ikitoka baridi ya asubuhi hadi joto la kazi, inapishana na bloku kwa karibu theluthi moja ya milimita. Inateleza juu ya gasketi kila siku. Tafuta kompoziti yenye uso wa grafaiti, isiyo na gundi, na uangalie maandishi: upande wa juu umeandikwa DESSUS au TOP. Hedi ikiwa imeliwa na maji kuzunguka matundu, ijazwe kwa weldingi ya agoni kisha isawazishwe. Muulize fundi mashine urefu wa chini unaoruhusiwa kabla hajaigusa.

Nimeambiwa Volkswagen ya kobe haina gasketi ya hedi. Ni utani? — Msomaji, Unguja

Si utani. Kwenye 1600 ya kawaida, injini inapozwa kwa hewa, hakuna maji ya kuzuia, na mdomo wa silinda unakalia moja kwa moja ndani ya hedi, chuma kwa alumini. Unachotakiwa kuangalia ni kiti hicho ndani ya hedi: kikiwa na alama ya moto au kimelika upande mmoja, fundi mashine akisawazishe, vyote viwili kwa kina kimoja. Chini ya silinda kuna kipande chembamba cha kurekebisha urefu. Ukiondoa alumini kwenye hedi bila kuongeza hapo, kompresheni inapanda. Nati za stadi za 10 mm zikazwe Nm 31 tu hivi, na za 8 mm Nm 25. Wanaokaza kwa nguvu ya Land Rover huzing'oa stadi kwenye bloku.

Fundi wangu hupaka silikoni pande zote za gasketi ya hedi "kwa usalama". Nimkatae? — Msomaji, Bukoba

Mkatae kwa heshima. Silikoni inateleza wakati wa kukaza, inafanya gasketi ikae unene usio sawa, na ziada yake inakatika ndani na kuziba njia za maji na oili. Kwenye hedi ya alumini, ambayo tumesema juu inasogea, inaigundisha gasketi na kuirarua. Kompoziti na tabaka nyingi hufungwa kavu, zikiwa safi, mikono isiyo na grisi. Silikoni ina mahali pake pachache: tone dogo pale gasketi ya kava ya mbele inapokutana na ya hedi, kama kwenye zile L za Datsun. Shaba tupu ndiyo inayoomba dawa maalumu ya kupulizia, lakini shaba tupu ina habari yake ndefu, na tunaifikia sasa hivi.

Nimepata gasketi mbili za Morris Minor zilizokaa stoo miaka mingi: moja ni shaba tupu, nyingine ina shaba juu na kitu cha kijivu katikati. Zinafaa? — Msomaji, Mwanza

Ile yenye kijivu katikati, kwa umri huo, ichukulie kuwa ni asbesto. Usiikate, usiisugue, usiipige msasa. Ilowanishe, uifunge ndani ya plastiki mbili uiweke mbali na kazi. Tahadhari hiyo hiyo inahusu gasketi ya zamani iliyogandia kwenye bloku: loweka kwa maji, kwangua kwa bisu la plastiki au shaba, na usiweke brashi ya waya ya umeme hata kidogo. Vumbi lake ndilo linaloua mapafu. Zaidi ya hayo, gasketi ya namna hiyo ikikaa muda mrefu hukauka na kuvunjika kingo, kwa hiyo hata bila asbesto tusingeifunga.

Shaba tupu inavutia kwa macho, na wengi huamini ni ya kudumu. Tatizo lake ni kwamba haina springi. Inabanwa mara moja na haifuati chuma kinapopumua. Kwenye injini za mashindano hufungwa pamoja na waya uliochimbiwa mfereji kuzunguka silinda, na matundu ya maji hupakwa dawa. Kwa Morris ya kwenda sokoni, kompoziti ya kisasa inaishinda. Ukiamua kuitumia hata hivyo, ilainishe kwanza: ipashe moto sawasawa hadi iwe nyekundu hafifu, kisha itumbukize majini. Shaba, tofauti na chuma cha kaboni, hailazimiki kupozwa polepole. Iangalie kama imebaki bapa, kwa sababu ikishikwa vibaya ikiwa ya moto inajikunja.

Baada ya kufunga hedi, kuna haja ya kukaza tena? Wengine wanasema ndiyo, pakiti inasema hapana. — Msomaji, Dodoma

Pakiti ndiyo inayojua gasketi iliyo ndani yake. Ikiandika kwamba haihitaji kukazwa tena, usiiguse, na ya tabaka nyingi haikazwi tena kabisa. Vilevile kama injini inatumia bolti za kuvutika, zile zinazokazwa kwa nyuzi za pembe, usirudie. Hizo zinakazwa mara moja na mara nyingi hununuliwa mpya.

Kompoziti ya kawaida kwenye injini ya zamani yenye bolti nene, kama Land Rover, Morris au Toyota 2F, inalegea kidogo baada ya joto la kwanza. Washa injini, iache ifikie joto la kazi, thamostati ifunguke, izime, na usiiguse mpaka ipoe kabisa, ikiwezekana usiku mzima. Asubuhi toa kava ya valvu. Anza na bolti namba 1 katika mpangilio wa kukaza: ilegeze robo mzunguko, kisha ikaze hadi kipimo kamili. Nenda ya 2, moja baada ya nyingine. Usizilegeze zote kwa pamoja, na usiikaze bolti bila kuilegeza kwanza, kwa sababu iliyokaa huwa imeshika na toki renchi italia kabla haijasogea.

Ukimaliza, weka tapeti upya. Hedi imeshuka kidogo, roka imesogea, na nafasi ya valvu uliyoipima jana si ile ya leo. Kwa 2.25 ya petroli ni inchi 0.010, takriban 0.25 mm, kwenye valvu zote. Endesha kama kilomita 500 bila kuvuta mzigo, halafu pima tapeti mara nyingine na uchungulie rangi ya oili kwenye kijiti.